Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Saratani ya Ngozi ni Jambo la Kazini

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia mshahara, mizani ya majani, saa za ziada na malimbikizo yasiyolipwa. Leo naomba nafasi nizungumzie ngozi. Najua wapo watakaosema, "Huyu mzee kaishiwa maneno." Nawaomba wanisikilize hadi mwisho, kisha wanihukumu.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la kukaushia chai. Miongoni mwa wachumaji waliokuwa wakileta majani mizanini alikuwamo mama mmoja hodari sana. Jina lake sitalitaja, wala jina la kampuni iliyomwajiri, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Mama huyu aliungua mguu utotoni kwa uji wa moto. Alipona, akabaki na kovu kubwa kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Akakua, akaolewa, akazaa, akachuma chai. Alipokaribia miaka arobaini, kidonda kidogo kikatokea katikati ya kovu lile. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Kila mwezi alisema atakwenda kituo cha afya mwezi ujao. Hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa analipwa kwa kilo, na siku asiyochuma ni siku isiyo na kilo. Kwenda kituoni, kupanga foleni, kutumwa hospitali na kurudi kungemla siku mbili au tatu, na watoto walikuwa wanangoja karo. Alipokwenda hatimaye, miezi minane ilikuwa imepita. Kingo za kidonda zilikuwa zimeinuka na kuwa ngumu, kinatoa damu, kinanuka. Wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara, jibu likaja: saratani ya ngozi, ile ambayo wengi tunaiita kansa. Mguu ukakatwa juu ya goti.

Yu hai, tumshukuru Mungu. Lakini hapandi tena kilima na kikapu. Tulimchangia, na mchango ule ulikwisha upesi, kama inavyokuwa michango yote.

Linaloniuma hadi leo ni hili: sote tulikiona kile kitambaa mguuni mwake. Mnyapara alikiona. Karani wa mizani alikiona. Mwakilishi wa chama alikiona. Na mimi nilikiona. Miezi minane hakuna aliyemwuliza, "Mama, kidonda hicho kina muda gani?" Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Tulikuwa na methali hiyo midomoni tangu utoto, na haikutusaidia kitu.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja. Saratani ya ngozi kwetu sisi wafanyakazi haiui kwa sababu haionekani. Ni ugonjwa ulio juu ya mwili, mbele ya macho ya kila mtu. Huua kwa sababu mfanyakazi hana habari, na akiwa na habari hana siku ya kwenda kutibiwa. Hayo mawili yote ni kazi ya chama.

Si ugonjwa wa Wazungu peke yao

Wengi wetu tumeambiwa kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu wanaoota jua ufukweni. Neno hilo lina ukweli nusu. Rangi nyeusi ya ngozi yetu ni mwavuli tuliozaliwa nao. Huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua, ndiyo maana saratani inayoletwa na jua ni adimu kwa mtu mweusi kuliko kwa Mzungu.

Lakini nusu ya pili ya ukweli hatukuambiwa. Kwetu sisi saratani hii hupenda kuanzia mahali ambapo jua halihusiki kabisa: chini ya unyayo, kiganjani, chini ya ukucha, au ndani ya kovu la zamani. Na kwa kuwa tumekwisha kuamini kwamba haituhusu, tunaigundua ikiwa imechelewa. Mzungu huenda kwa daktari na doa dogo. Sisi tunakwenda na donda. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kupona na kufa.

Tazama mfano wa mtu ambaye nyimbo zake zinapigwa hadi leo katika baa za Kamembe. Bob Marley aliimba Zimbabwe ilipopata uhuru, Aprili 1980. Tangu mwaka 1977 alikuwa amegunduliwa na saratani ya ngozi, ya aina iitwayo melanoma, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alikuwa ameumia kidole hicho akicheza mpira, na wengi walidhani ni jeraha la mpira tu. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Saratani ikasambaa mwilini, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Ikiwa mtu mwenye fedha na madaktari wa Ulaya na Marekani aliondoka kwa ukucha mmoja, sisi tunaokanyaga matope ya mpunga tunangoja nini?

Mahali pa kutazama

Ndugu mfanyakazi, huhitaji mashine kuitafuta saratani hii. Unahitaji macho, mwanga wa mchana, na mtu wa kukutazama pale usipopaona mwenyewe. Nitataja mahali panne.

Kwanza, unyayo, kiganja na kucha. Tafuta doa jeusi au la kahawia ambalo halikuwapo, au lililokuwapo likaanza kukua. Doa baya mara nyingi halina umbo sawa pande zote, kingo zake zimechongoka ovyo, rangi yake imechanganyika, na limezidi upana wa kitako cha penseli. Linaweza kutoa damu au kuwa kidonda. Chini ya ukucha hutokea kama mstari mweusi. Hapa tusitishane bure: watu weusi wengi wana mistari ya namna hiyo katika kucha kadhaa, na ni ya kawaida. Wa kuogopwa ni mstari mpya ulio katika ukucha mmoja, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia katika nyama iliyo pembeni. Huo uonyeshe bila kukawia.

Pili, makovu. Kovu la moto, kovu la ajali, kovu la donda ndugu la utotoni. Saratani inaweza kuota humo baada ya miaka mingi sana, mara nyingi miaka thelathini au zaidi. Mtoto aliyeangukia jiko akiwa na miaka mitano anaweza kuipata akiwa na miaka arobaini, akiwa amekwisha kusahau jiko lenyewe. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika habari za vidonda vya makovu mwaka 1828, na hadi leo madaktari huita kidonda hiki kwa jina lake. Lakini hatuna haja ya kwenda Paris. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Mulago, Kampala, waliona wakulima wengi waliopata saratani ya mguu palipokuwa na donda la zamani. Alama zake ni hizi: kovu lililokuwa kavu linapasuka, linatoa kidonda kisichofunga, kingo zinainuka, kinatoa damu kikiguswa, kinanuka, au kinaanza kuuma pasipouma zamani.

Tatu, mabaka na vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi-nyeusi miguuni, mara nyingine mguu ukivimba. Hii ni saratani iitwayo Kaposi. Ilikuwapo katika nchi zetu za Afrika ya Kati na Mashariki hata kabla ya ukimwi, kisha ukimwi ukaizidisha. Husababishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994. Mwenye alama hizo apimwe na damu pia, bila aibu. Akiwa na virusi vya ukimwi, dawa za kupunguza makali ya virusi peke yake zinaweza kusaidia sana kuirudisha nyuma, na zikihitajika dawa za saratani huongezwa.

Nne, ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino. Hao hawana ule mwavuli niliousema. Kwao jua ndilo adui, nami nitarudi kwao hapa chini.

Kuna kanuni moja ya kukumbuka kuliko zote, ibandikeni ukutani: kidonda kisichofunga kwa wiki nne si kidonda cha kungoja. Kiwe kinauma, kiwe hakiumi. Tena saratani hii mwanzoni mara nyingi haiumi, na hapo ndipo inapotudanganya, maana mtu wa kazi hupima ugonjwa kwa maumivu.

Na tafadhali, msikichome kwa chuma, msikitie maji ya betri wala majivu, msikikate kwa wembe. Simtukani mganga wa kienyeji, wengi wana ujuzi wao. Nasema tu kidonda cha mwezi mmoja kianzie kituo cha afya. Anayekichoma huua ngozi ya juu, na mzizi unaendelea kwenda ndani.

Kwa nini nasema ni jambo la kazi

Msimamizi mmoja aliwahi kuniambia, "Ngozi ni ya mtu, si ya kiwanda." Nilimjibu kwamba ngozi hiyo ndiyo anayoinunua kila asubuhi saa moja.

Tusidhani jambo hili ni jipya. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya vijana waliosafisha mabomba ya moshi. Walipanda ndani ya mabomba yale tangu utoto, masizi yakawaganda katika ngozi ya sehemu za siri, na wakiwa watu wazima wakapata saratani pale pale. Hiyo ndiyo moja ya saratani za kwanza duniani kujulikana kwamba zinatokana na kazi. Baadaye ikawa zamu ya wasokotaji wa nyuzi za pamba huko Lancashire, Uingereza. Mafuta ya mashine yaliloanisha suruali zao kila siku, na saratani ya ngozi ikawapata mahali pale pale. Ilichukua miaka mingi ya kesi, fidia na madai ya wafanyakazi hata serikali ya Uingereza ikatoa kanuni mwaka 1953 kuyazuia mafuta yale mabaya. Wakubwa hawakuamka siku moja wakaona huruma.

Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 139 juu ya saratani za kazini. Mkataba huo unasema vitu viletavyo saratani vibadilishwe kwa vingine visivyo na madhara panapowezekana, wafanyakazi waelezwe hatari iliyopo, na wapimwe afya wakati wa kazi na hata baada ya kuiacha. Na mwaka 2023 shirika hilo pamoja na Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu 19,000 katika nchi 183 walikufa kwa saratani ya ngozi isiyo melanoma kwa sababu walifanya kazi nje juani. Kwa kila watu watatu waliokufa kwa saratani ya aina hiyo, karibu mmoja alikuwa ameipata kutokana na kazi ya juani.

Tuje kwetu Rusizi. Nani anayeungua? Ni mpishi wa kambi, ni mtia kuni wa tanuri la chai, ni mtu wa saruji. Saruji mbichi ikiingia ndani ya buti na kukaa humo huunguza ngozi polepole bila mtu kuhisi, na jioni akivua soksi anavua na ngozi. Maungo hayo huacha makovu, na makovu nimekwisha kuyasema. Nani anayekanyaga bila viatu? Ni mpanda mpunga wa bonde la Bugarama na mlima chai wa mlimani. Jeraha la leo lisilotunzwa ni donda la kesho na kovu la keshokutwa. Nani anayenawa mikono kwa mafuta machafu ya injini na kuifutia suruali kwa kitambaa kile kile mwezi mzima? Ni fundi wetu wa gereji. Mafuta hayo si sabuni wala si dawa ya kidonda, kama wengine wanavyoamini. Fundi anawe kwa maji na sabuni, abadilishe nguo, na kitambaa cha mafuta kisikae mfukoni.

Buti za mpira zina faida zaidi ya moja. Utafiti wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2017 juu ya ule ugonjwa wa kuvimba miguu unaotokana na udongo mwekundu ulikuta wagonjwa katika wilaya zote 30 za Rwanda, na kiwango cha juu kuliko vyote kilikuwa kwa jirani zetu wa Nyamasheke, watu 119 katika kila 100,000. Ugonjwa huo si saratani. Lakini kinga yake ni kiatu, maji na sabuni, na vitu hivyo hivyo huzuia majeraha ya mguu yanayogeuka madonda. Mwajiri anayesema buti ni ghali na afanye hesabu ya miguu.

Ndugu zetu wenye ualbino

Sasa nirudi kwa wale ambao jua linawala mchana kweupe.

Tuko karibu sana na Ikweta, na mashamba yetu ya chai yapo juu milimani. Kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali, kiasi cha sehemu moja katika kumi kwa kila meta elfu moja. Na ukungu wa asubuhi usitudanganye. Mawingu mepesi huzuia joto, lakini sehemu kubwa ya miale ile inayounguza ngozi hupenya. Mwenye ualbino anaweza kuungua siku ambayo sisi tumevaa makoti.

Daktari Okoro wa Nigeria alichunguza watu wenye ualbino, akaandika mwaka 1975 kwamba kati ya waliozidi umri wa miaka 20 hakumpata hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na saratani au dalili za kuelekea huko. Fikirini jambo hilo. Kijana anapoanza tu kujitegemea, ngozi yake imekwisha kuhesabiwa siku. Wala si kwamba amezaliwa na saratani. Ni kwa sababu alichunga mbuzi juani, alilima juani, alikaa juani kama sisi wengine, bila kofia, bila mikono mirefu, bila mafuta ya kuzuia jua.

Jambo hili linazuilika. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC kimetengeneza mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino na kuyagawa pamoja na mafundisho na uchunguzi wa mara kwa mara. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, suruali au gauni refu, kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, mafuta yale, na kuonyesha ngozi kwa daktari kila baada ya miezi sita: hayo ni mambo yanayowezekana.

Basi nauliza: mwenzetu mwenye ualbino akija kuomba kazi, kwa nini hupelekwa shambani? Kwa nini asipewe kazi ya kuchambua majani ndani, ya mizani, ya ghala, ya ofisi? Wengine husema, "Haoni vizuri." Ni kweli macho yake ni dhaifu, lakini mchumaji chai juani anatumia macho gani? Kumpa kazi ya ndani si upendeleo, kama vile kumpa fundi wa kuchomea vyuma miwani yake si upendeleo. Na sisi wafanyakazi wenyewe tuache yale majina ya dharau. Chama kinachodai heshima kwa mwajiri hakiwezi kumnyima heshima mwanachama wake.

Neno moja pia kwa dada na kaka wanaojipaka mkorogo ili ngozi iwe nyeupe. Mnavunja mwavuli kwa fedha zenu wenyewe. Dawa zile huondoa rangi inayotukinga, na nyingine zina zebaki inayoharibu figo. Kuna mwenzetu alizaliwa bila mwavuli na anautafuta kwa machozi, nawe unautupa?

Tusijifiche nyuma ya mwajiri

Watakuja wasemaji wawili. Wa kwanza ni mwajiri. Atasema ruhusa ya ugonjwa ipo, kituo cha afya kipo, mituweli ipo, mfanyakazi aende mwenyewe. Namjibu hivi: ruhusa isiyo na malipo kwa mtu anayelipwa kwa kilo si ruhusa, ni faini. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2018 imemtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kumwacha mtu achume miezi minane na donda mguuni si kulinda afya. Tena si faida kwake. Mchumaji hodari aliyekatwa mguu harudi, na mgeni hujifunza kuchuma kwa msimu mzima.

Wa pili ni sisi. Wapo watakaosema chama kishughulike na mshahara, mambo ya vidonda ni ya wauguzi. Na penye ushirika, ambapo wakulima ndio wenye mali na ndio wenye kazi, hakuna hata mwajiri wa kumlaumu. Je, ushirika wetu umewahi kuweka katika ajenda ya mkutano mkuu buti za wapandaji? Tumekuwa hodari wa kumwona mbaya wetu ofisini, na wazito wa kumwona mwenzetu anayechechemea mbele yetu. Nimekiri kwamba mimi nilikiona kitambaa kile nikanyamaza. Sitaki mwingine akiri hivyo baada yangu.

Basi napendekeza mambo matano, na nawaomba wawakilishi wa matawi wayapeleke kwenye mazungumzo yajayo.

1. Mtu mwenye kidonda kisichofunga kwa wiki nne, au doa linalokua, apewe siku ya kwenda kituo cha afya, na alipwe siku hiyo kwa wastani wa kilo zake. Akitumwa hospitali, na siku hiyo ilipwe.

2. Mara mbili kwa mwaka muuguzi aalikwe kazini. Kila mfanyakazi avue viatu, aonyeshe nyayo, kucha na makovu. Ni kazi ya dakika tano kwa mtu mmoja. Wanawake watazamwe na muuguzi mwanamke, mahali pa faragha.

3. Buti za mpira, glavu za saruji, maji na sabuni viwe vifaa vya kazi, visikatwe katika mshahara. Palipo na saruji mbichi au moto pawe na maji mengi karibu ya kuoshea mtu aliyeungua.

4. Mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini bila kupunguziwa malipo, na anapolazimika kutoka apewe kofia, nguo ndefu na mafuta ya kuzuia jua.

5. Kila tawi lichague mtu mmoja, mwanamume au mwanamke anayeaminika, wa kuuliza habari za vidonda. Kazi yake ni swali moja tu: "Kina muda gani?"

Msiogope safari ya matibabu. Njia huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kama Gihundwe au Mibilizi, na ikibidi hospitali kubwa zaidi. Zamani jina la saratani lilikuwa hukumu kwa Mnyarwanda maskini. Lakini mwaka 2012 hospitali ya Butaro huko Burera ilifungua kituo cha kutibu saratani, na mwaka 2019 tiba ya mionzi ilianza katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali. Doa au kidonda kikiwahiwa kikiwa kidogo, mara nyingi kazi ni kukikata kwa ganzi ya mahali pale pale, na mtu hurudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili. Nasema miguu yote miwili kwa makusudi.

Ndugu wafanyakazi, jioni ya leo mkifika nyumbani, kabla ya kulala, osheni miguu. Kisha mke amtazame mume nyayo, na mume amtazame mke. Watazameni na watoto walioungua. Asiye na mtu nyumbani amwombe jirani. Kesho kazini ukimwona mwenzako amefunga kitambaa, usipite. Simama, muulize kina muda gani. Akikuambia kimepita mwezi, msindikize kwa mnyapara, na mnyapara akikataa, msindikizeni watu kumi.

Mama yule wa mguu mmoja sasa anauza ndizi kando ya barabara. Juzi nilipita kwake nikamwambia nataka kuandika habari hii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waambie waulizane." Nimewaambia.